Kuku wamenyonyoka manyoya: niwashindishe njaa ili waote mapya?

"Nina kuku wa mayai 180, wana miezi 17, nawafugia nyumbani Buswelu hapa Mwanza. Tulikuwa tunaokota trei tano kwa siku, sasa ni tatu na kidogo. Huwa tunawawashia taa hadi saa nne usiku, ila miezi miwili iliyopita nyaya za banda ziliungua, tukakaa kama wiki tatu gizani mpaka fundi alipokuja. Sasa banda limejaa manyoya kama mtu amepasua mto. Wengine shingo zimebaki tupu, wengine mgongo juu ya mkia uko uchi kabisa. Jirani yangu mfugaji wa siku nyingi anasema niwanyime chakula siku kumi, na maji siku mbili za mwanzo, watapukutika wote kwa pamoja, waote manyoya mapya na kurudi kutaga kama matetea. Mwingine anasema ning'oe kwa mkono yale manyoya mabovu. Nawaonea huruma, lakini chakula nacho kinanimaliza. Nifanye nini?"

Dada yangu, usiwanyime chakula, na maji usithubutu kuyaondoa hata kwa siku moja. Nimelitanguliza hilo kwa sababu huenda unasoma huku jirani anasubiri jibu. Sasa tuzungumze taratibu, maana naona ndani ya banda lako kuna matatizo mawili yaliyovaa nguo moja, na kila moja lina tiba yake.

Kwanza nimtendee haki jirani. Hakutunga. Kuku akinyimwa chakula kweli hupukutisha manyoya, na akirudishiwa chakula huota mapya na kutaga tena. Mabanda makubwa ya Marekani yalifanya hivyo kwa miaka mingi: taa zinapunguzwa, chakula kinaondolewa siku 7 hadi 14, kuku anapoteza karibu robo ya uzito wake, ndipo analishwa upya. Tangu mwaka 2006 wazalishaji wengi wa huko wameachana na njaa, baada ya kuona kwamba chakula hafifu kinachotolewa bila kipimo kinawafikisha palepale. Ulaya hairuhusiwi. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumshindisha mnyama njaa kwa makusudi hakupatani nayo.

Jirani amekosea kwenye sababu. Anaamini njaa ndiyo inayoangusha manyoya, kumbe kinachoyaangusha ni mayai kusimama. Kuku anapotaga, homoni za uzazi humshikilia kwenye kazi hiyo na manyoya yake ya zamani hubaki mahali pake hata yakichakaa. Mayai yakikoma, kifuko cha mayai kinasinyaa, homoni hizo zinashuka, na ile ya tezi ya shingoni inapata nafasi ya kufanya kazi yake. Chini ya ngozi, kwenye kila kishimo cha unyoya, chipukizi jipya linaamka na kuusukuma nje unyoya wa zamani. Mrija wa mayai nao hujirekebisha wakati huohuo, ndiyo maana ganda la yai la baada ya mapumziko huwa gumu kuliko yale maganda mepesi ya mwisho wa mtago. Kwa hiyo anachohitaji kuku ni mapumziko. Njaa ni njia mojawapo tu ya kumlazimisha apumzike, na ni ya kikatili kuliko zote.

Bei yake nimeiona kwa macho. Niliitwa kwenye banda moja siku ya sita ya mfungo kama huo. Kuku waliokuwa bado hai walikuwa wanadonoa ukuta. Nikawapasua watatu waliokufa: gole, ule mfuko wa chakula pale shingoni, lilikuwa limejaa maranda na manyoya yao wenyewe, yamesokotana kama kamba. Mfugaji yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa amefuata ushauri. Jingine ambalo halionekani kwa macho ni kwamba kuku mwenye njaa hushikwa kirahisi na bakteria wa salmonela na kuwamwaga kwa wingi kwenye kinyesi, na wengine hufika hadi ndani ya yai. Mayai yako yanaishia kwenye chipsi mayai za hapo kituoni, na wewe unajua jinsi yanavyoivishwa kwa haraka.

Sasa turudi kwenye zile nyaya, maana hapo ndipo jibu lako lilipolala. Nchi za mbali na ikweta, siku zinapofupika kuelekea baridi, kuku wote hupokea ishara moja na kupukutika karibu kwa pamoja. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka hapa haizidi dakika 20, kwa hiyo mbingu yetu haiwapi kuku ishara yoyote ya maana. Kuku wa kwetu hupukutika kila mmoja kwa wakati wake: umri ukifika, akiugua, akiatamia, akikosa maji, au akihamishwa banda. Isipokuwa pale mfugaji mwenyewe anapogeuka kuwa jua. Wewe ulikuwa unawapa kuku wako mchana wa saa 15 na zaidi kwa taa, kisha kwa wiki tatu ukaukata ghafla hadi saa 12 na dakika chache. Kwa kuku wa miezi 17, ambaye tayari anakaribia mwisho wa mtago wake wa kwanza, hiyo ni ishara kubwa. Shingo zilizo wazi na trei zilizopungua ni matokeo ya giza lile. Kundi lako limeshaanza kubadilisha manyoya lenyewe, bila njaa. Halafu fundi akaja, taa ikarudi, na kuku wakabaki njia panda: mwili unataka kupumzika, mwanga unawaita kazini.

Hilo ni tatizo la kwanza. La pili ni wale wenye mgongo uchi juu ya mkia.

Kuku anayebadilisha manyoya huanzia kichwani na shingoni, akashuka kifuani na mgongoni, mabawa na mkia vikafuata. Kuku mwenye shingo nzuri na mgongo uchi hajafuata mpangilio huo, huyo anadonolewa na wenzake. Mkamate umtazame kwa karibu, ikiwezekana juani. Pitisha kidole dhidi ya mwelekeo wa manyoya. Ukigusa vijiti vifupi vikavu vinavyokwaruza kama ndevu za siku tatu, hayo ni mashina ya manyoya yaliyokatika. Ukigusa vichipukizi laini, vilivyojaa, vyenye rangi ya bluu kwa ndani na ncha iliyofungwa kama kalamu, hayo ni manyoya mapya yanayokuja, na ile bluu ni damu inayoyalisha.

Tofauti hiyo watu wengi hawaijui, na inawafanya wasubiri bure miezi mingi. Unyoya uliong'oka na mzizi wake huota mwingine. Unyoya uliokatika hauoti, kwa sababu shina la zamani bado limeziba kishimo; litakaa pale hadi kuku abadilishe manyoya. Ndiyo maana rafiki yako mwingine anashauri ung'oe, na ana sehemu ya ukweli: ukilitoa shina, kishimo kinafunguka. Lakini kung'oa kunauma, kunatoa damu, na damu ndiyo inayowaita wenzake waje kudonoa. Vichipukizi vyenye damu ukivivunja vinavuja vibaya zaidi. Waache, wataota zamu yao ikifika, mradi kudonoana kukome.

Kudonoana nako kuna sababu zake, na mara nyingi ni msongamano na chakula kisichotosha protini au chumvi. Kuku 180 juu ya maranda wanataka banda la mita za mraba 30 hadi 36. Kama lako ni dogo, mengine yote nitakayokwambia yatafanya kazi nusu. Wenye vidonda watenge, wapake dawa ya zambarau, maana rangi nyekundu ya kidonda ndiyo chambo. Waliobaki wapatie shughuli: fungu la mchicha au matembele lililoning'inizwa usawa wa kichwa litawashughulisha mchana mzima, maana kuku asiye na cha kudonoa humdonoa jirani.

Sasa hatua zenyewe. Ningekuwa mimi, ningeligawa kundi. Jioni wakiwa wametulia, mpitie kuku mmoja mmoja. Weka vidole kati ya ile mifupa miwili ya nyonga iliyo pembeni ya tundu la kutagia. Anayetaga, vidole vitatu vinaingia, na tundu lake ni pana, lina unyevu, limepauka. Aliyeacha kutaga, ni kidole kimoja au viwili kwa shida, tundu limekauka na limejikunja. Watagaji wabaki walipo, na chakula chao cha kutagia na taa yao kama kawaida. Walioacha kutaga wahamie upande wa pili, uliokingwa na ule mwanga, wabaki na jua la Mungu peke yake. Turubai tu haitoshi kama mwanga unapenya. Ni afadhali kuzima taa zote kuliko kuwaacha hao kwenye mwanga nusunusu.

Ukiwa unawapitia, kunjua na bawa kama unavyokunjua kipepeo cha ukili. Utaona makundi mawili ya manyoya marefu, na katikati yake unyoya mmoja mfupi. Kuanzia huo mfupi kwenda ncha ya bawa yako manyoya 10 makubwa, na huanguka kwa foleni: wa kwanza ni ule ulio jirani na mfupi, kisha unaofuata, hadi wa ncha. Mmoja huchukua kama wiki sita kukomaa. Kuku hodari huchelewa kuanza, na akianza hudondosha mawili au matatu kwa mkupuo, akamaliza mapema na kurudi kutaga. Kuku dhaifu hudondosha mmoja mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, na anaweza kumaliza karibu miezi sita anakula chakula chako bila yai. Huyo wa pili mpeleke sokoni mapema. Bawa halidanganyi, na kwa mfugaji anayelia na gharama hakuna kipimo cha bure kinachozidi hicho.

Chakula cha waliopumzika ndicho kitakachoamua manyoya yarudi lini. Unyoya karibu wote ni protini, kati ya asilimia 85 na 90. Kuku wa kilo 1.8 amebeba manyoya ya takribani gramu 100, kwa hiyo akibadilisha yote anatengeneza protini sawa na ile iliyomo ndani ya mayai 13 hivi. Ndiyo maana hawezi kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mtu anayewalisha pumba tupu kwa kuwa "hawatagi" anawachelewesha mwenyewe. Wanataka protini ya asilimia 18 hivi, tena yenye methionini ya kutosha, ambayo ni tofali muhimu la kujengea manyoya.

Hapo sisi wa kando ya ziwa tumebarikiwa, kwa sababu dagaa wetu wana protini nyingi na methionini ndani yake. Chukua chakula cha kukuzia badala ya cha kutagia, kwa kuwa kuku asiyetaga hahitaji chokaa yote ile na ikizidi inazielemea figo. Kwenye mfuko wa kilo 50 wenye protini ya asilimia 16, changanya kilo 3 za dagaa waliosagwa. Utafika asilimia 18. Usizidishe sana, baadaye mayai yatanuka shombo na wateja watakukimbia. Magamba ya konokono yaliyopondwa yawekwe kwenye chombo cha pembeni, atakayehitaji atajichukulia.

Ila dagaa wachague. Waliokaushwa chini mchangani hukuuzia mchanga kwa bei ya dagaa. Kabla hujanunua gunia sokoni Mwaloni Kirumba, omba konzi moja, iloweke kwenye ndoo ya maji, koroga kwa mkono, kisha mwaga maji taratibu. Kitakachobaki chini kitakwambia. Nunua walioanikwa kwenye chanja, wasio na ukungu, na kama wametiwa chumvi waache. Nunua pia kabla ya mbalamwezi, wakati wavuvi hawajapumzika, maana baada ya hapo bei inapanda. Mashudu ya alizeti nayo ni mazuri kwa manyoya. Mashudu ya pamba, ambayo yamejaa Kanda ya Ziwa nzima kwa bei ya kuvutia, nakusihi usiwape: yana sumu iitwayo gosipoli, na kiini cha yai huweza kubadilika kuwa cha kijani au kahawia yakikaa. Vitamini za dukani kwa siku tatu hadi tano hazina ubaya, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya protini. Dawa za kuua bakteria usiwape kwa sababu ya manyoya. Manyoya kuanguka si ugonjwa.

Wakati huu wasishikwe ovyo. Vichipukizi vinauma vikiguswa, na utaona hata kuku mpole anakukwepa. Ngozi iliyo wazi inapata baridi alfajiri, kwa hiyo maranda yawe makavu na mazito, na upande unaopigwa na upepo ukingwe bila kuziba hewa yote.

Je, na wale wanaoendelea kutaga, watapumzishwaje? Mayai yao ya siku yakishuka chini ya nusu ya idadi yao, unaweza kuwapumzisha kwa upole. Zima taa, kisha kwa wiki tatu wape pumba za ngano au za mahindi wale watakavyo, maji yakiwepo muda wote. Mayai husimama ndani ya siku 10 hivi. Chagua kuku 10, wafunge kamba mguuni, wapime kwa mizani ya kuning'iniza kila siku ya tatu. Wa kilo 1.8 akikaribia kilo 1.5, rudisha chakula kizuri siku hiyohiyo, hata kama wiki tatu hazijatimia. Usijaribu hata hili kwa kundi lenye ugonjwa, minyoo au utitiri. Chanjo ya mdondo (kideri), ile ya tone la jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, wapate kabla ya kuanza.

Kuhusu mfuko wako nitakuwa mkweli. Kuku mmoja anakula kama gramu 110 kwa siku. Tuseme 70 wameacha kutaga: wiki nane za mapumziko zitakula karibu kilo 430, yaani mifuko tisa hivi, kabla hujaokota yai. Baada ya hapo watataga mayai makubwa na yenye ganda zuri, lakini kilele chao kitakuwa chini ya kile cha mwanzo kwa kama asilimia 10, na utawafaidi vizuri miezi sita hivi. Ukinunua vifaranga utawalisha wiki 18 au 20 kabla ya yai la kwanza, ukiongeza bei ya vifaranga na chanjo zake zote. Mimi ningewabakiza wenye mabawa mazuri na miili mizima, na waliobaki ningewauza sasa wakiwa na nyama. Kama Krismasi au Idi iko karibu, panga uuzaji wako uangukie hapo. Kumuuza kuku akiwa mzima si ukatili, na hupaswi kujilaumu.

Kuna dalili ambazo zikionekana barua hii haitoshi, na inabidi umwite afisa mifugo wa kata yako. Kuku anayebadilisha manyoya bado anakula, bado anakimbia, macho maangavu, ila kilemba kimepauka na kusinyaa. Akijikunyata, akiharisha kijani, akikoroma, akipinda shingo au akiburuza bawa, huo si mpukutiko, na mdondo hausubiri. Wakifa wawili watatu kwa siku, mchukue mmoja aliyekufa muda huohuo, mfunge kwenye mifuko miwili, umweke kwenye barafu bila kumgandisha, umpeleke maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapa Mwanza. Na usiku wa leo ingia bandani na tochi, mulika nyufa za mbao na chini ya vichanja, kisha pekua manyoya yaliyo karibu na tundu la kutagia. Ukiona vidudu vidogo vyekundu au vyeusi vinatembea, ni utitiri. Utitiri huo utawanyonya kuku damu yote unayoitafutia protini. Oili chafu ipakwe kwenye mbao ukipenda, kamwe si kwenye kuku, na dawa iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya kuku. Beseni la majivu makavu waoge wenyewe, hilo lisikosekane.

Taa ya upande wa waliopumzika usiiwashe mpaka uone shingo zimefunikwa na manyoya mapya ya bawa yamefika nusu ya urefu. Hapo anza kuchanganya chakula cha kutagia kidogo kidogo kwa wiki moja, na mwanga uongeze nusu saa kila wiki hadi ufike saa 15 au 16. Na kabla ya hapo, mwite fundi akague zile nyaya tena.